Tairi moja ya nyuma inachemka na gari inakuwa nzito: breki inashikwa na nini?

"Fundi habari za kazi. Gari yangu ni manyuali, breki za nyuma ni za diski na handbreki inavuta pale pale kwenye kalipa kwa kebo. Nilibadilishiwa pedi za nyuma kama wiki tatu zilizopita, tangu hapo tairi ya nyuma kushoto inachemka sana, nikiendesha kama nusu saa nasikia harufu ya kuungua na gari inakuwa nzito, nikitoa mguu kwenye mafuta inapoteza mwendo haraka. Rimu ya upande ule imejaa vumbi jeusi, ya kulia iko kawaida. Kinachonichanganya ni kwamba asubuhi gari iko nyepesi kabisa. Aliyeweka pedi anasema ni mpya zitajisugua zenyewe zikae sawa, mwingine anasema master silinda imekufa, wa tatu anasema ninunue kalipa. Nimsikilize nani? Na je naweza kuendelea kuitumia wakati najipanga?"

Njema ndugu yangu, na ahsante kwa kueleza vizuri, maana ndani ya maelezo yako mwenyewe nusu ya jibu imo. Ila naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo ndo lenye hatari. Hapana, usiendelee kuitumia, hata zile safari fupi fupi.

Najua gari inatembea na asubuhi iko nyepesi, ndo maana mtu anajipa moyo. Lakini breki inayoshika haili pedi peke yake. Joto linatoka kwenye pedi linaingia kwenye pistoni, yaani kile kichuma cha duara ndani ya kalipa (lile koleo linalobana pedi kwenye diski) kinachosukuma pedi, kutoka kwenye pistoni linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki, limeandikwa kwenye chupa) yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, ila yana tabia ya kunyonya unyevu, na yakishanyonya maji kufika kama asilimia 3.7 kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka nyuzi 155. DOT 3 ni 205 yakiwa mapya na 140 yakishanyonya maji. Diski inayosuguliwa nusu saa bila kupumzika inazivuka hizo namba bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika tofauti na maji maji, sasa unakanyaga pedeli inazama na gari haisimami inavyotakiwa. Hicho ndo kitu kinachonitisha mimi, pedi ni jambo dogo. Ongezea na grisi ya beringi inayoyeyuka, raba za kalipa zinazokauka, na waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki ghafla) unaopita jirani na hapo.

Ikikutokea uko njiani, punguza mwendo taratibu, paki sehemu ambayo haina majani makavu, weka gia na uzuie tairi kwa jiwe au gogo, handbreki usiivute kwa sababu unaenda kubana kitu ambacho tayari kimebanwa kikiwa cha moto. Maji usimwage kabisa. Diski ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka. Iache ipoe yenyewe, halafu kanyaga pedeli ukiwa umesimama, kama imekuwa laini au inazama hapo gari ni ya kuvutwa au kubebwa, usijaribu hata kilomita moja.

Sasa tuje kwa hao mafundi wako watatu. Wa kwanza anayesema pedi zitajisugua zikae sawa, kuna kaukweli kadogo. Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski, na ukizungusha tairi kwa mkono utasikia shii shii kidogo, hiyo ni kawaida ya breki ya diski. Lakini kuzoeana ni habari ya nyuso mbili kulingana, haihusiani na kalipa kukataa kuachia. Pedi mpya ambayo imefungwa vizuri haichomi, haitoi harufu kila safari, na haifanyi gari iwe nzito. Wiki tatu ni nyingi mno, ingekuwa ni kuzoeana ingeshaisha zamani.

Wa pili wa master silinda: hiyo ni pampu inayosukumwa na pedeli ya breki, inalisha tairi zote kupitia njia mbili za mafuta, kila njia inahudumia tairi mbili, kwenye gari nyingi ndogo njia moja inashika tairi ya nyuma ya upande mmoja na ya mbele ya upande wa pili. Kwa hiyo master silinda ikigoma kurudisha mafuta utaona tairi zaidi ya moja zinachemka, mara nyingi hata za mbele zinaanza kwanza. Wewe ni moja tu ya nyuma. Sisemi haiwezekani kabisa, nasema ni kitu cha mwisho kwenye foleni na yeye amekiweka cha kwanza.

Wa tatu wa kalipa anaweza kuwa amepatia, ila amepatia kwa kubahatisha maana hajafungua chochote. Unaweza ukaweka kalipa mpya na tairi ikaendelea kuchemka vile vile, nimeona gari imebadilishwa kalipa mbili kumbe shida ilikuwa paipu ya raba inayopeleka mafuta kwenye kalipa.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, inabidi ujue breki ya diski inaachia vipi, na hapa watu wengi wanawaza kitu ambacho hakipo. Wengi wanaamini kuna springi ndani inayovuta pistoni kurudi nyuma ukitoa mguu. Hakuna. Kwenye kalipa kuna sili moja ya raba yenye umbo la mraba imezunguka pistoni. Ukikanyaga pedeli pistoni inasogea mbele na ile sili inajipinda nayo kidogo bila kuteleza, ukitoa mguu sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni kipande kidogo tu, sehemu ndogo ya milimita. Basi, hiyo ndo nguvu yote ya kuachia iliyopo. Ukikanyaga kuna mgandamizo mkubwa wa mafuta unaosukuma, ukitoa mguu kuna karaba kamoja tu kanajinyoosha. Ndo maana breki yenye kutu, uchafu au raba iliyochoka inaweza ikashika vizuri kabisa lakini ikashindwa kuachia, na ndo maana mtu anakwambia breki zangu ziko poa zinakamata sana, kumbe zinakamata muda wote.

Halafu kuna pedi ya upande wa nje. Pistoni iko upande wa ndani tu, kwa hiyo ili pedi ya nje ibane, kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili kama droo. Pini zikikauka grisi au zikiingia kutu, kalipa inabana halafu inabaki pale pale.

Na kwa aina yako kuna kitu cha tatu, hiki mkono wa handbreki kwenye kalipa. Ndani ya pistoni kuna skrubu, kebo ikivuta mkono ile skrubu inasukuma pistoni kimakanika bila mafuta. Skrubu hiyo hiyo ndo inajirekebisha kadri pedi zinavyoisha. Kwa hiyo pistoni ya nyuma ya gari yako hairudishwi kwa kusukuma tu kama ya mbele, inarudishwa kwa kuizungusha huku unaisukuma, kuna kifaa maalumu cha kazi hiyo, na mara nyingi kina meno ya kukaa kwenye vile vijishimo usoni mwa pistoni.

Hapo ndo narudi kwenye neno ulilosema ukalipita haraka: tangu nibadilishiwe pedi. Mimi hilo ndo naliona kubwa kuliko yote. Gari ilikuwa nzima, ikaguswa, ikaanza kuumwa, basi tuanzie pale ilipoguswa. Wakati wa kubadilisha pedi za nyuma kuna makosa manne nayaona mara kwa mara.

La kwanza ni hilo la kulazimisha pistoni kwa klempu au bisibisi bila kuizungusha. Inaweza ikaingia kwa nguvu na kuharibu skrubu ya ndani, au ikagoma na pedi zikaingizwa kwa kubanana. La pili, nyuma ya pedi ya ndani mara nyingi kuna kijipini kidogo kinachotakiwa kukaa kwenye kijishimo cha pistoni. Pistoni ikiachwa imegeuka vibaya, kijipini kinakaa juu ya ukingo, pedi inakaa imeinama na inasugua upande mmoja. Ukiitoa utaona imeliwa kama kabari. La tatu, kalipa ikifunguliwa ikaachwa inaning'inia kwenye paipu ya raba, paipu inapinda na inaweza kuchanika ndani kwa ndani, kwa nje hauoni kitu. La nne ni kebo: pedi zikiwa mpya mtu anaona handbreki iko juu sana, anakaza kebo badala ya kuacha kalipa ijirekebishe yenyewe kwanza, matokeo yake mkono wa kalipa haurudi mpaka mwisho na breki inabaki imevutwa kidogo siku zote.

Na kwa nini asubuhi iko nyepesi? Watu wengi inawachanganya hii. Mafuta ya breki yakipata joto yanatanuka. Ikiwa breki inaachia sawasawa, yanayotanuka yanarudi juu kwenye chupa yake bila wewe kujua. Lakini kama njia ya kurudi imeziba, mfano raba ya ndani ya paipu imechanika na kipande kimekaa kama kimlango kinachoruhusu mafuta kwenda ila hakiruhusu kurudi, mafuta yamefungiwa pale. Yakitanuka yanasukuma pistoni, pedi inabana zaidi, joto linaongezeka, yanatanuka tena. Inajilisha yenyewe. Ndo maana inachukua nusu saa kupamba moto. Usiku kucha mgandamizo unavuja pole pole, chuma kinapoa kinajikunja, asubuhi tairi inazunguka kama hakuna kilichotokea. Pistoni au pini ngumu nayo inaweza kukupa picha inayofanana kwa sababu diski na pedi zikipata moto zinanenepa kidogo na nafasi yenyewe ilikuwa haipo. Kebo iliyokazwa sana kwa kawaida inajionyesha hata asubuhi gari ikiwa baridi, kwa hiyo kwako naiona ina nafasi ndogo kidogo, lakini tutaipima maana kuipima ni rahisi.

Maana yake sasa ni hivi, gari isipimwe ikiwa imepoa. Gari iliyolala usiku kucha haitakuonyesha kitu, fundi atainyanyua, atazungusha tairi, atakwambia iko sawa. Inatakiwa ipimwe ikiwa imeshika.

Kwanza thibitisha ni breki. Nilisema usiitumie, huu mzunguko ni wa kupima tu: zunguka karibu na nyumbani au na gereji, sehemu tulivu, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, mpaka uanze kuhisi uzito, usisubiri harufu. Simama taratibu. Kama una kile kipima joto cha kuelekeza kwa mwanga, pima tairi zote nne sehemu ile ile, ila usielekeze kwenye uso wa diski unaong'aa kwa sababu chuma kinachong'aa kinakudanganya kwa kusoma chini, pima sehemu iliyofubaa kama mwili wa kalipa. Upande wa kulia na kushoto wa nyuma unatakiwa ukaribiane. Ukikuta kulia 50 na kushoto 140 hauhitaji mtaalamu wa kukutafsiria. Hauna kipimo? Sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, narudia bila kugusa, joto utalihisi. Kuna wengine wanagusa kujaribu na wanatoka na ngozi imebaki pale. Sikiliza pia beringi, maana beringi mbovu nayo inachemsha tairi, lakini yenyewe inanguruma, na mngurumo unabadilika ukikata kona.

Baada ya hapo kunyanyua. Sehemu iwe tambarare na ngumu, tairi za mbele zote zizuiwe mbele na nyuma, maana handbreki tunaiachia. Gari ni manyuali, kama inavutwa na tairi za mbele iache kwenye gia, kama inavutwa na za nyuma itabidi iwe huru ili tairi izunguke, hapo vizuizi vya mbele viwe vya uhakika. Stendi lazima. Jeki ni ya kunyanyulia tu, kushikilia ni kazi ya stendi, na hili silisemi kama mapambo, jeki inashuka ghafla na watu wamekufa.

Zungusha tairi ya kulia kwanza ili mkono wako ujue kawaida ikoje, halafu ya kushoto. Ikiwa ya kushoto inagoma, usifungue kitu cha mafuta bado. Angalia ule mkono wa handbreki kwenye kalipa, kuna kituo chake unapotakiwa kuegemea kebo ikiwa imelegea. Je umefika pale? Linganisha na wa kulia. Toa kebo kwenye mkono, sukuma mkono urudi mpaka mwisho, zungusha tena. Imekuwa huru? Umepata jibu, ni kebo imekazwa sana au imeingia kutu ndani ya ganda lake, au mkono wenyewe ni mgumu kurudi. Ni kazi ndogo hiyo.

Bado imeshika? Sasa ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na ndo kitu ambacho katika mafundi wako watatu hakuna hata mmoja aliyekifanya. Vaa glavu na miwani, chomeka kipaipu kwenye nipo ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo yenye tundu iliyoko kwenye kalipa, na upande wa pili uwe kwenye chupa, halafu legeza nipo kama robo mzunguko na uifunge. Mafuta yakiruka kwa nguvu na tairi ikaachia hapo hapo, kilichokuwa kinaishika ni mgandamizo uliofungiwa, kalipa yako inawezekana ni nzima kabisa. Yakitoka matone tu na tairi bado imeshika, mafuta hayahusiki, kinachoshika ni chuma: pistoni, pini, pedi zilizobana kwenye breketi (kile kishikio kinachobeba pedi), au ile skrubu. Robo mzunguko wa spana unakutenganishia kesi mbili ambazo watu wanazibishania mwezi mzima.

Ikiwa ni mgandamizo, rudia kusubiri ishike tena, ila safari hii fundi alegeze kile kiungo ambapo paipu ya chuma inakutana na paipu ya raba, juu ya raba. Ikigoma kuachia pale lakini inaachia kwenye nipo, raba ndo imeziba. Ikiachia pale pale juu, tatizo liko huko mbele zaidi, kwenye ABS au master silinda, na huko sasa huyo fundi wako wa pili atakuwa amepata hoja. Hii nakushauri isiwe kazi yako ya kwanza maishani, nati ya kile kiungo ni laini, ukitumia spana isiyokaa vizuri inakuwa mviringo na unatengeneza tatizo jipya. Na mafuta ya breki yakigusa rangi ya gari yanaibabua, kwa hiyo maji yawe karibu ya kusuuzia mwili wa gari, sio diski ya moto.

Ikiwa ni chuma, iache ipoe halafu fungua kalipa, itundike kwa waya, isining'inie kwenye raba. Pini zote mbili zinatakiwa ziteleze kwa vidole viwili. Pedi zinatakiwa zikae kwenye breketi kwa kusukumwa na mkono, na hapa kuna kitu kinasahaulika sana: chini ya vile vibati vyembamba vinavyoshika masikio ya pedi kutu inajijenga na kuviinua, pedi ya zamani iliyochakaa ilikuwa inapita, pedi mpya yenye vipimo kamili inakwama. Toa vibati, piga brashi ya waya mpaka chuma kiwe safi, rudisha. Mara nyingi ugonjwa wote ulikuwa pale. Angalia na ulaji wa pedi. Ya nje ikiwa imeliwa zaidi nashuku pini kwanza. Ya ndani ikiwa imeliwa zaidi nashuku pistoni, au pini zilizoganda kabisa mpaka ya nje haifanyi kazi. Imeliwa kama kabari, rudi kwenye kile kijipini na kijishimo. Mwisho izungushe pistoni irudi kwa kile kifaa chake. Inatakiwa iende kwa ulaini ule ule mpaka mwisho, ikikaza na kulegea kalipa yenyewe imeumwa.

Kuhusu matengenezo sasa. Pini ni kusafisha na kupaka grisi ya breki ya silikoni, kidogo tu, sio grisi ya kawaida ya beringi wala oili, kwa sababu oili ya madini inavimbisha raba za breki na raba iliyovimba ndo inashika zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo petroli, dizeli na ile spirei ya kulegeza kutu visikaribie sili wala pedi, tumia spirei ya kusafishia breki. Kupiga kalipa nyundo ikaachia sio tiba, umeichelewesha tu.

Paipu ya raba ikiwa ndo mbaya, badilisha zote mbili za nyuma, ya kulia ina umri ule ule. Kalipa hapa naomba nisikufiche, ziko njia tatu na kila moja ina walakini. Kubadilisha sili na raba ya vumbi ni njia nzuri kama pistoni ni laini haina vishimo vya kutu, ila kwenye kalipa yenye skrubu ya handbreki kazi ni ngumu zaidi kuliko ya mbele na sio kila fundi anaiweza. Kalipa mpya au iliyofanyiwa ukarabati kiwandani ndo ningechagua mimi kama skrubu imeharibika au pistoni ina vishimo. Kalipa ya kutoka kwenye gari nyingine kuukuu ndo ninaiogopa, raba zake zina umri huo huo au zaidi, ukiichukua basi ibadilishwe sili kabla haijafungwa. Kalipa sio lazima kubadilisha zote mbili, lakini pedi ni lazima pande zote, kulia na kushoto kwa pamoja. Na hizo pedi zako za wiki tatu, upande wa kushoto zimeshapikwa, hata kama bado ni nene uso wake umekuwa kama kioo, usizirudishe. Diski iangaliwe kama ina rangi ya bluu, nyufa, au imeshuka chini ya kipimo cha mwisho ambacho mara nyingi kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Mafuta ya breki yatolewe yote yawekwe mapya, yale ya kushoto yameshachemshwa mara kadhaa, na kwa ujumla gari nyingi zinataka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kitu ambacho watu hawafanyi kabisa.

Wenye breki za dramu nyuma, kwa kifupi, kwenu kweli springi zipo. Shida huwa ni springi iliyochoka, kirekebishi kilichokazwa sana, silinda ndogo inayovuja, au viatu vya breki kuchimba mtaro kwenye sahani ya nyuma vikakwama humo. Kipimo cha nipo ni kile kile. Na wenye handbreki ya umeme, ile ya kubonyeza swichi, msiguse pistoni kabla gari haijawekwa kwenye hali ya matengenezo, mota iliyoko kwenye kalipa inaweza kuharibika.

Wewe ndugu yangu kuangalia joto, kuangalia ule mkono wa handbreki na hata kutoa kebo unaweza kufanya mwenyewe kama una stendi. Kuanzia nipo na kuendelea, kama hujawahi kutoa upepo kwenye breki, ita mtu anayejua aje pale gari ilipo na awepo ikiwa imeshika. Usifanye mwenyewe kabisa kama pedeli imekuwa laini, kama kuna unyevu wa mafuta upande wa ndani wa tairi, kama taa ya breki au ABS inawaka, au diski imegeuka bluu. Na ukimpata fundi usimwambie "nibadilishie kalipa". Mwambie tairi ya nyuma kushoto peke yake, ilianza baada ya pedi, inashika ikipata moto inaachia ikipoa, naomba ufungue nipo ikiwa imeshika tuone. Akikataa na kukwambia hakuna haja, tafuta mwingine bila kumkasirikia.

Ikishatengenezwa, kabla ya kulipa na kuondoka, kanyaga pedeli mara kadhaa gari ikiwa imesimama mpaka iwe ngumu, maana pistoni zimerudishwa nyuma na ule mkanyago wa kwanza hauna breki. Halafu fanya mzunguko ule ule wa nusu saa, urudi, upime pande zote mbili tena. Zikikaribiana, kesho yake rudia mara moja tena, ndo uanze kuitumia.